Mbwa Wangu, Mbwa Yangu

Troyeville, Johannesburg
9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Pokea salamu zetu za heshima. Sisi hatujambo, isipokuwa miguu yangu inayochoka kwa kusimama saluni kutwa. Kifua chako je? Mvua za Kalemie bado zinakukohoza?

Najua hupendi ujumbe mfupi, ndiyo maana naandika barua kamili na kuipiga picha. Thierry wa kibanda cha simu akuchapishie kwa herufi kubwa.

Habari si njema. Jengo letu limeuzwa. Mwenye nyumba mpya hataki wanyama. Ametupa mpaka mwisho wa Aprili: mbwa atoke, au tutoke wote. Natafuta mtaa unaokubali mbwa, wenye nyasi kidogo, kwa maana Sombe ni mbwa mkubwa na hapa anazunguka kwenye saruji chini ya nguo za watu zilizoanikwa. Vitongoji vya kaskazini vina bustani ambamo mbwa hukimbia bila kamba. Nilipiga simu huko. Mama aliyepokea akauliza kama karatasi za mbwa ziko sawa, halafu akauliza zangu. Eish, Baba! Kadi ya chanjo ya Sombe ni halali mpaka mwaka ujao. Kibali changu cha ukimbizi kinaisha Juni. Akasema, "Mbwa wako hana tatizo."

Siwezi kumwacha mbwa yangu. Sababu nitakueleza.

Benita anakusalimu.

Mwanao,
Clémentine


Kalemie
17 Februari 2025

Binti yangu,

Nimefurahi kusikia kwamba mko wazima. Kifua ni kile kile, tumezoeana.

Kwanza, lugha. Umeandika "mbwa yangu". Mbwa ni kiumbe hai, kwa hiyo ni mbwa wangu. "Yangu" tunawaachia ndugu, dada, binti na rafiki. Mbwa hayumo katika orodha hiyo. Nilikufundisha jambo hili ukiwa na miaka minane.

Pili, huyo mbwa mpe mtu. Asiye na hakika ya paa hatafuti nyasi. Nyumbani kwetu mbwa alilala nje, alikula makombo, na hakuna aliyemwandikia barua.

Tatu, unasema Benita ananisalimu. Kwa lugha gani? Siku ya Krismasi nilimwuliza kwenye simu, "Hujambo, mjukuu wangu?" Akajibu kwa Kiingereza. Nikauliza tena. Akakurudishia simu. Ana miaka tisa. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na minne, watoto wa watu wamefaulu, na damu yangu mwenyewe hainisemeshi. Usiniletee habari za mbwa. Niletee habari za mtoto.

Baba yako,
Mwalimu Ruphin


Troyeville
2 Machi 2025

Baba mpendwa,

Natumaini umeamka salama na kwamba unakunywa ile dawa, si kuiweka dirishani tu.

Umetaka habari za mtoto. Habari za mtoto ni habari za mbwa.

Sombe alilelewa na Jean-Bosco, Mrundi aliyekuwa mlinzi wa ghala katikati ya mji. Alimfundisha kwa Kiswahili: kaa, njoo, acha, lala. Miaka mitatu iliyopita Jean-Bosco alihamia Durban, akatuachia mbwa. Siku ya kwanza alimaliza sufuria nzima ya majani ya muhogo, sombe yetu ile, jina likapatikana hapo. Benita akamwamuru kwa Kiingereza. Mbwa akamtazama. Akajaribu Kizulu. Mbwa akamtazama. Akaja kwangu analia, "Mama, huyu mbwa ni kiziwi!" Nikamwambia, "Si kiziwi. Ni mtu wa kwetu."

Tangu hapo anaongea naye Kiswahili. Naye tu, Baba. Mimi nikimsemesha ananijibu Kiingereza. Juzi nilikuwa nyuma ya pazia linalogawa chumba chetu, nikamsikia:

"Sombe, leo wamenicheka tena shuleni. Wamesema nirudi kwetu. Kwetu ni wapi, Sombe? Usilambe, jibu kwanza. Sikia, usimwambie mama. Ukimwambia, sikupi mfupa."

Nilikaa nyuma ya pazia mpaka chai yangu ikapoa. Hajui kwamba nilisikia.

Mwanao,
Clémentine


Kalemie
10 Machi 2025

Binti yangu,

Salamu. Dawa ninakunywa.

Nimeisoma barua yako mara nne. Thierry ameniuliza kama kuna msiba.

"Usimwambie mama. Ukimwambia, sikupi mfupa." Katazo, kisha sharti, kisha kanusho lenye mtenda na mtendewa ndani ya neno moja. Hakuna kosa. Darasa langu la sita lingetoka jasho.

Ninafuta neno langu la kumtoa mbwa. Tafuta mahali. Mji wenye mamilioni ya watu hauwezi kukosa nyasi za mbwa mmoja. Ulizia kanisani, ulizia kwa wasusi wenzako, na utembee kwa miguu, usitegemee simu.

Wakati huo huo mbwa aendelee na masomo. Namtumia maneno matano, Benita amfundishe: geuka, nusa, chimba, subiri, samehe. Hilo la mwisho mbwa hataliweza, lakini mtoto alijue.

Bado ni mbwa wangu, si mbwa yangu.

Baba yako,
Ruphin


Troyeville
29 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Unisamehe kimya cha wiki saba. Tuko wazima wa mwili. Naomba nawe uwe hivyo.

Sombe alishika "subiri" kwa siku mbili. "Nusa" hakuhitaji mwalimu. "Samehe" Benita alimwambia siku aliyomkanyaga mkia, akamshika uso kwa mikono miwili.

Nilitembea kama ulivyosema. Bertrams vyumba vimegawanywa kwa mbao, hata paka hana pa kugeukia. Kanisani mchungaji alituombea. Kanisa lenyewe liko ghorofa ya tatu. Soweto rafiki yangu Annick alituwekea chumba nyuma ya spaza, kiduka cha mumewe, lakini duka likafungwa, nao wenyewe wakahama.

Halafu nikapata. Bezuidenhout Valley, si mbali na hapa, kwa mjane mmoja mzee ambaye watu wote humwita Gogo, yaani Bibi. Chumba cha nyuma, ua wenye nyasi za kweli, na bustani ya umma mwisho wa barabara. Sombe alijitupa chali akajigaragaza kama kichaa. Benita alicheka mpaka akakaa chini. "Taratibu wewe! Bado si kwetu." Gogo akanipa ufunguo.

Jumamosi iliyofuata watu wa mtaa wakafanya mkutano. Wenye nyumba wakaambiwa wasipangishe wageni. Gogo alinijia mwenyewe, na kofia yake ya kanisani kichwani, akaniomba ufunguo. "Mwanangu, wamesema watarudi na moto." Akafuta macho. Kisha akasema, "Lakini mbwa hawakumkataa. Mwache mbwa. Nitamtunza."

Basi, Baba, tulitafuta mtaa unaokubali mbwa, na tumeupata.

Leo tumempeleka. Sisi tunabaki Troyeville, maana aliyekatazwa hapa ni yeye. Langoni Benita alimwambia neno moja kati ya yale yako: "Subiri." Akakaa kwenye nyasi, akasubiri. Tulipofika kwenye taa za pili za barabarani, robot wanavyoziita hapa, bado alikuwa amekaa.

Mwanao,
Clémentine


Kalemie
4 Mei 2025

Mjukuu wangu Benita,

Hujambo? Mama yako akusomee barua hii polepole.

Mimi ni babu yako. Kiingereza sijui. Kizulu sijui. Ukinisemesha kwa lugha hizo nitakutazama tu, kama Sombe alivyokutazama siku ya kwanza. Mimi si kiziwi. Ni mtu wa kwenu.

Kila Jumapili saa tisa alasiri nitakuwa na simu mkononi. Niambie ni akina nani wanaokucheka shuleni. Sitamwambia mama, na mfupa sihitaji.

Ukikosea, sitakusahihisha. Neno hili sijawahi kumwambia mtu yeyote tangu nilipopata cheti cha ualimu.

Babu yako,
Ruphin


Troyeville
19 Mei 2025

Baba mpendwa,

Nakutakia nguvu. Sisi tupo.

Nilimsomea barua yako. Alisikiliza vizuri, hata pale pa kiziwi alitabasamu. Nilipofika kwenye mfupa akanyanyua macho. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Kwa hiyo ulikuwa unasikiliza?" Akaenda upande wake wa pazia.

Jana nilidhani itasaidia tukienda kumwona mbwa yetu. Benita alishika uzio akaita, "Sombe, njoo!" Masikio yalisimama. Akaja mbio mpaka katikati ya ua. Gogo, ambaye hakuwa ametuona, akamwita kutoka jikoni kwa Kizulu, "Woza!" Sombe akasimama. Akatazama huku, akatazama kule. Kisha akaenda jikoni.

Benita alisema, kwa Kiingereza, "Afadhali yake." Saa tisa nilimpa simu. Aliiweka mezani na kutoka nje. Kiswahili sijamsikia tena, Baba, na nyuma ya pazia hakuna tena wa kuambiwa.

Mwanao,
Clémentine


Kalemie
16 Juni 2025

Binti yangu,

Nawasalimu nyote wawili. Kuhusu kibali chako hujaniandikia, nami sijui kama nifurahi au niogope.

Kosa la mfupa ni langu. Nimeishi darasani maisha yangu yote, na nimesoma siri ya mtoto mbele ya darasa.

Barua yako nayo ina kosa. Umeandika "mbwa yetu". Nilichukua kalamu nyekundu kama kawaida, nikaishika, nikairudisha mezani. Liache hivyo hivyo.

Jumapili sita simu haijalia. Thierry amenionyesha jinsi ya kuongeza sauti mpaka mwisho, nami nimeongeza. Usimlazimishe mtoto. Usimwambie lolote.

Ninasubiri. Maana ya neno hilo ninaijua. Mimi ndiye niliyelituma.

Baba yako,
Ruphin