Mama Alipoomba Ungo

Mjukuu wangu Anjela,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea. Sisi wazima. Babu yako, mume wetu, kikohozi kimemwachia na ameanza tena kubishana na redio.

Umeuliza umfanyeje mama mkwe wako, ambaye tangu ahamie kwako Mwanza hali vizuri wala hazungumzi. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Wakati ule biashara za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa, nami nikauza maharage sokoni. Nilimleta mjini kutoka Mgeta baada ya yeye kuvunjika mguu. Kila alichoshika tulimpokonya: "Pumzika, mama." Mwishowe akawa anageukia ukutani tu.

Asubuhi moja nilichelewa, maharage hayajachambuliwa. Akaniita, "Lete huo ungo." Nikasita. Akasema, "Mwanangu, nimevunjika mguu, si mikono."

Nikampa. Alichambua huku akinisimulia shamba lake la mlimani, na mchana akaomba ugali mwenyewe. Masika yalipoanza tulikuwa tunakaa wote sokoni, yeye akigombana na wateja wachaguzi.

Mtunze mkweo, lakini mwombe naye akusaidie. Na tafadhali niulizie kwake: huko kwao ziwani samaki sato wanampikaje?

Bibi yako,
Tekla