Kanga Isiyofuliwa

Kalemie, Kongo
17 Septemba 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na kisima hakijakauka. Mimi mzima, ila usingizi wa huku bado haujanizoea.

Nilifika salama. Treni haikunisumbua, boti ndiyo ilinitapisha mpaka nikaona aibu. Shule ya parokia iko mlimani juu ya ziwa. Nimepewa darasa la kwanza, watoto sabini na zaidi, wengine wanakalia matofali. Kiswahili chao si chetu. Nikisema jambo wananicheka kwanza, ndipo wanalifanya. Shikamoo hawana. Wananipa mkono kama watu wazima: “Yambo, madamu!” Mwanzoni niliona wamekosa adabu. Sasa nikipita bila kupewa mkono naona nimekosewa. Chakula ni ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, na samaki, kesho tena hivyo hivyo. Natamani michembe yako ya viazi.

Flavia je? Nilifanya ulivyoniambia. Nilingoja alale, nikamfunika kanga niliyolalia wiki nzima, nikatoka kwa kunyata. Lakini kila nikimshika mtoto hapa mkono aandike “a”, namwona wangu anaamka, anapapasa kitandani. Mwambie mama kaenda kufundisha, atarudi. Na kanga isifuliwe, aisikie harufu yangu.

Barua namkabidhi Mabruki wa Gongoni, yule wa dagaa. Anavuka huku mara kwa mara. Simu inakatika hata salamu hazijaisha.

Mwanao,
Levina


Igalula
22 Oktoba 2023

Mwanangu Levina,

Marahaba, mama. Mgongo ni ule ule, mvua bado tunaisubiri, majirani wote wanakusalimu.

Asubuhi ile Flavia aliamka akatazama chini ya kitanda, akaenda jikoni, akaenda mpaka chooni. Alipokukosa hakulia. Hilo ndilo lilinitisha, bora angelia. Sasa kanga haiachi. Anaiburuta uani, kuku wanaikanyaga, usiku anaiweka puani, ananyonya kidole, analala.

Treni ikipiga honi anakimbilia uani. Juzi nikamwambia, “Hiyo ya mizigo, Flavia.” Akaniuliza, “Mama mzigo?” Nilicheka, yeye hakucheka.

Baba yake tangu aende machimboni kimya, usiniulize. Wewe miaka mitatu umekaa na cheti chako sandukuni bila kazi. Jitolee huko, wakuone, upate mahali. Mtoto yuko kwa bibi yake, si kwa watu.

Mama yako


Igalula
28 Desemba 2023

Levina mwanangu,

Heri ya Noeli. Afya ninayo, ila barua hii naiandika kwa shida.

Usimkasirikie shangazi yako Marcelina. Alikuja kunisaidia usafi wa sikukuu. Mimi nilikuwa kanisani tunapamba. Narudi, nakuta kila kitu kwenye kamba: mapazia, mashuka, na kanga yako katikati inachuruzika maji. Yeye mwenyewe anajisifu, “Wifi, hiyo ilikuwa inanuka!” Ningemwambia nini? Amefanya wema.

Flavia aliishika ikiwa mbichi. Akanusa upindo huu, akanusa ule. Akanitazama kama mimi ndiye niliyekuficha. Tangu siku hiyo anakataa uji, anakataa hata embe. Zahanati wamempima, malaria hana. Nesi akasema mtoto amemkosa mama. Kama vile sikujua.

Njoo ukiweza, mwanangu. Kama huwezi, sijui nikuambie nini.

Mama yako


Kalemie
21 Januari 2024

Mama,

Shikamoo. Usinieleze habari za mgongo wako kwa mzaha, nieleze kweli, maana najua sasa unambeba Flavia usiku.

Barua yako niliipeleka kwa Padri Valentino, msimamizi wetu, nikiwa nimeishika hivi hivi. Hakunikatalia. Alisema tu mwalimu mwingine hayupo mpaka shule ifungwe Julai, akaongeza, “Amua wewe.” Natoka nje, watoto wamejipanga mlangoni wanipe mkono, mmoja mmoja. Mama, nilishindwa kuamua. Nikaingia darasani nikafundisha, kwa sababu kengele ilikuwa imelia.

Nimefanya jambo moja tu. Ile kanga yangu ya zambarau nimeivaa tangu barua yako ifike. Nimeipikia, nimeilalia, nimejifutia jasho la darasani. Sista Recheli, tunayekula naye meza moja, akasogeza kiti. “Mwalimu, hata sabuni imekushinda?” Nikamwambia, “Niache, Sista, nina kazi nayo.”

Nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni mafundo mawili. Mabruki sikumwambia kilichomo. Ni mwanaume, niliona haya. Mpe Flavia hivyo hivyo. Usiikung’ute hata vumbi.

Mwanao,
Levina


Igalula
3 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma, kweli ndiyo hiyo.

Mabruki alikuja mwenyewe, mtu muungwana, na dagaa wa zawadi juu. Akanipa kanga yako kwa mikono miwili. Imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa pembe kwa pembe, inanukia udi. Nikabaki namtazama. Akadhani nimefurahi. “Mama, mke wangu Tatu alifungua mfuko akashtuka. Akasema hatuwezi kumpelekea mzazi wa mtu nguo katika hali ile, watasema watu wa Gongoni hatuna adabu.” Nikamshukuru, nikampa maji ya kunywa. Ningefanyaje? Alipoondoka nilikaa chini nikacheka peke yangu, halafu nikalia.

Flavia aliinusa mara moja akanirudishia.

Lakini usiogope. Anakula. Uji wa karanga anamaliza na kulamba kijiko, mashavu yamerudi. Hakuulizii tena. Treni ikipita hainui kichwa. Nilitaka nikufiche hili, nikaona nitakuwa nimekukosea.

Kanga ameipatia kazi. Ana gunzi la mahindi, ndiye mwanawe. Anambeba mgongoni, anampikia udongo, jioni anamlaza na kumfunika kanga yako. Kisha anangoja kidogo. Halafu anatoka kwa kunyata, polepole, mpaka nyuma ya ghala.

Jana nikamuuliza, “Unakwenda wapi, mjukuu wangu?”

Akaweka kidole mdomoni. “Shii, bibi. Usimwamshe. Naenda kufundisha.”

Mama yako


Kalemie
24 Machi 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Kachue mgongo kwa mafuta ya moto, na Flavia asibebwe tena, ameshakuwa mkubwa.

Barua yako nimeisoma mara moja. Mara ya pili nimeshindwa. Wewe sikulaumu, wala shangazi, wala Tatu. Sote tulidhani tunamwepushia kilio.

Nakuomba jambo moja, na hili usinibishie. Akimlaza yule gunzi wake, kaa naye. Mwambie amwamshe. Amwambie mwanawe anakwenda wapi, na kwamba atarudi. Gunzi likilia, alibembeleze mpaka linyamaze, ndipo aende. Afanye hivyo kila jioni. Najua ni mchezo wa mtoto. Nikiwa huku sina kingine ninachoweza kufanya.

Shule ikifungwa Julai nitapanda boti ya kwanza. Kama hatanijua, usimsukume aje kunikumbatia, wala usimwambie “huyu ndiye mama”. Mwache anipe mkono tu. Huku nimeshazoea.

Na siku nikiondoka tena, hata iwe alfajiri, hata awe usingizini kiasi gani, nitamwamsha.

Mwanao,
mama yake Flavia