Sanamu ya Baba Kule Kabazi

Molo,
9 Agosti 1958

Mpendwa kaka Kipsang,

Nakusalimu kwa moyo wote. U hali gani huko Moshi? Ule mguu ulioumia kazini umepona? Na wifi Zeddy hajambo? Sisi tupo, ingawa siwezi kusema kuwa sote ni wazima. Hapa ni ukungu na mvua tu, viazi vinaozea ardhini.

Barua yako ya kuomba picha ya marehemu baba ilifika. Kaka, picha hatuna. Baba hakupigwa picha hata siku moja. Nilipomsomea mama maneno yako alisema, "Lakini sura yake iko. Iko kule mlimani Kabazi."

Ulikuwa umeshaondoka nyumbani baba alipoandikwa kazi na yule memsahib, mama wa Kizungu wa Kabazi, kwa hiyo nikueleze. Memsahib alitengeneza sanamu kubwa za mawe na kuzisimamisha kando ya njia inayopanda mlima. Baba ndiye aliyekata mawe na kuyachonga kwa tindo. Ile sanamu ya mwisho, ya mwanamume mwenye fimbo, baba alisimamishwa juani ili memsahib aige uso wake. Vumbi la mawe yale ndilo lililomwingia kifuani, na mwisho wake unaujua.

Basi tulikwenda, mama na mimi, na mjomba Kipketer, ambaye bado anakaa Kabazi, akatuongoza. Njia imemezwa na nyasi. Memsahib alirudi kwao Ulaya, na nyumba ya Kang'ethe, aliyekuwa akifyeka njia hiyo, ni tupu tangu Wakikuyu wa shamba lile walipopakiwa na serikali kwenye malori kupelekwa rizavu, kwenye ardhi waliyotengewa. Mlango wake unapigapiga tu kwa upepo.

Tulimpita ng'ombe wa jiwe aliyelala, pembe moja imevunjika. Tukafika kwa mwanamke wa jiwe aliyebeba kuni, mama akaketi kidogo hapo chini kupumua. Mvua ikaanza, mjomba akataka turudi.

"Rudi wewe," mama alimwambia. "Mimi nimekuja kumwona mume wangu."

Yuko juu kabisa, kaka, mrefu kama watu wawili, anatazama bonde la Subukia. Nilimtambua palepale, pua, masikio, hata ule mkunjo wa paji la uso. Nililia. Mama hakulia. Alimzunguka, akamtazama sana, halafu akasema, "Huyu siye."

"Mama, ndiye!"

"Huyu hajawahi kukohoa. Hajawahi kumvulia mtu kofia. Baba yenu hakusimama hivi maisha yake yote."

Akageuka kushuka. Hatujafika mbali akarudi peke yake. Alivua blanketi lake, akapanda juu ya msingi, akalifunga kwenye magoti ya lile jiwe, maana mabega hakuyafikia. Nilimsihi alichukue, baridi itamwua. Akanijibu, "Hata kama siye, ananyeshewa."

Nilimpa leso yangu, lakini ilikuwa imelowa kama nguo zetu zote. Alitetemeka njia nzima.

Tangu siku ile hajainuka kitandani. Daktari anasema ni mapafu, alazwe Nakuru, naye amekataa katakata. Anasema ngoja kwanza mwanangu aje. Uji anaonja tu. Jana homa ilipopanda alinishika mkono akaniita Kipsang, nami nikaitika. Akanishika hivyo mpaka akalala.

Kaka, usingoje likizo. Mweleze bwana wako, na akikataa, njoo hivyo hivyo. Baba tulimzika bila wewe, na sikukulaumu. Lakini kuitika kwa jina lako siwezi tena.

Mjomba Kipketer anakusalimu. Mbusu mtoto wenu kwa niaba ya shangazi yake. Mungu akufungulie njia na akufikishe salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Chepkurui