Mawe Meupe ya Bwana Shauri na Ukuta wa Mama Mkwe

Jumanne, mwezi wa pili. Asubuhi jua la kuchoma, mchana wingu jeusi kutoka upande wa Ikungi, alasiri mvua. Na mimi hasira tangu kwenye jua mpaka kwenye mvua.

Kucha zangu zina tope, nimenawa mara mbili na bado halitoki. Acha likae. Nimelipata kihalali.

Nianze na hii njia ya miguu yenyewe, maana najua kesho watasema mimi ni mwanamke mkorofi nisiyependa mji uendelee. Waongo! Nani aliitaka njia ile kuliko mimi? Kila siku napeleka togwa sokoni, chungu kichwani, na barabara yetu ni moja tu. Lori humo, punda wa watu wa Ihanja humo, ng'ombe wa mnada humo, na sisi wenye miguu humo humo. Kiangazi togwa inaingia vumbi, masika tope linakushika mguu kama linakudai. Jirani yangu Mama Zuhura alikanyagwa mguu na lori akiwa amesimama pembeni kabisa, anasubiri lipite. Mpaka leo anachechemea.

Kwa hiyo tuliposikia kwamba Bwana Shauri, huyu Mwingereza anayetutawala kutoka bomani, atatujengea njia ya watu wa miguu, iliyoinuliwa juu ya barabara, yenye ukingo wa mawe, toka bomani mpaka sokoni, nilipiga vigelegele. Nilipiga kweli, na majirani walinisikia.

Wafungwa wakaleta mawe, wakayapanga, wakayapaka chokaa. Ikapendeza, nisiseme uongo. Ilitoka bomani, ikapita kando ya bustani ya Bwana Shauri, ikaja mpaka hapa kwangu. Hapo ikasimama, kipande cha kufika sokoni bado.

Halafu mvua zikaanza.

Sasa sikiliza. Tangu zamani maji ya mvua yakishuka kutoka kwenye majabali kule juu yalikuwa yanakata barabara mahali pamoja, yanaingia bondeni, basi. Kila mtu alipajua. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alipojenga nyumba hii ya tembe aliangalia kwanza maji yanapita wapi, ndipo akachimba msingi. Lakini bondeni pale Bwana Shauri amemtengenezea mkewe bustani. Maua mekundu, maua ya manjano, na majani yaliyokatwa yakalala kama mkeka. Kwa hiyo ule ukingo wa mawe ulipofika pale haukuachiwa hata tundu la panya. Maji yanafika, yanagonga mawe, yanageuka, yanaufuata ukingo mpaka unapoishia.

Unaishia wapi? Kwenye ukuta wangu.

Na nyuma ya ukuta huo ndipo analala mama mkwe. Macho yake hayaoni tena, miguu haina nguvu, lakini masikio ni mazima. Wiki nzima ananiuliza ni nani anayemwaga maji nje ya chumba chake. Mimi napaka udongo mchana, mvua inaubandua usiku. Tembe ni udongo, jamani. Udongo na miti. Hauwezi kuoga kila siku.

Nilichotaka ni kitu kidogo. Tundu moja chini ya mawe, pale pale maji yalipokuwa yakipita. Njia ibaki, chokaa ibaki, na maji yapate pa kwenda.

Leo ndiyo ilikuwa baraza. Bwana Shauri amekuja kuuliza wazee kama kile kipande cha mwisho kiendelee, kila nyumba itoe watu wa kusomba mawe. Wanawake kwenye baraza tunakaa nyuma, hatusemi. Ndiyo desturi. Basi jana nilimwita shemeji Ntandu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, anisemee. Nikamchinjia kuku. Jogoo, siyo kifaranga! Firigisi nikamwekea yeye, ugali wa uwele, na mchuzi juu. Akala, akalamba vidole, akaniambia, "Shemeji, lala usingizi. Kesho nitamwambia habari ya maji mbele ya watu wote."

Na huyo anayelala nyuma ya ukuta ni mama yake mzazi. Yeye Ntandu ndiye aliyetoka tumboni mwake, si mimi.

Leo akasimama. Akavua kofia, akakohoa, akashika fimbo kwa mikono miwili. Moyo wangu ukasema, haya, sasa. Akasema, "Bwana, sisi watu wako tunashukuru sana kwa mawe."

Akakaa.

Wazee wakapiga makofi. Mmoja baada ya mwingine, ndiyo Bwana, ndiyo Bwana, vichwa vinapanda na kushuka kama vya mijusi kwenye jabali. Wazee hao hao juzi kilabuni walikuwa wanatukana mawe hayo mpaka pombe ikaisha! Na Bwana Shauri, nimpe haki yake, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, "Kuna neno lingine?" Aliuliza mara mbili. Nikainua shingo, jumbe, mkubwa wa mji wetu chini ya Bwana Shauri, akanikata jicho, na mimi nikaishusha. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko vyote. Mwenyewe ameuliza, na neno tulikuwa nalo.

Watu walipotawanyika nikamfuata Ntandu nyuma ya banda la nyama. Nikamwambia, "Shemeji, jogoo wangu yuko tumboni mwako. Maneno yangu yako wapi?"

Hana hata haya. Akasema habari ya maji ingeharibu shukrani. Akaendelea kunielimisha: njia ikiendelea mpaka sokoni, ukingo utapita mbele ya nyumba yangu, maji yatanipita, nitapona. Subiri tu mvua ziishe, kazi ianze.

Nikamuuliza, "Yakinipita mimi yanamfikia nani?"

Akaangalia pembeni. Anajua. Nyumba inayofuata ni ya Mama Zuhura, pale njia itakapokata kona, na maji hayakati kona.

"Kila mtu na ukuta wake, shemeji."

Nyoo! Mama Zuhura ndiye aliyenishika kiuno nilipozaa. Ndiye aliyekaa na mimi siku zote za matanga ya mume wangu, na mguu wake ule. Nimsukumie maji ndani ili mimi nilale pakavu? Nikamwambia Ntandu neno ambalo sitaliandika hapa, halafu nikaenda zangu. Sikumwambia kwaheri.

Mvua ikanyesha alasiri. Wala haikuanza kidogokidogo kama mvua yenye adabu. Ilimwagika tu. Nilikuwa natwanga nikasikia kishindo upande wa chumba cha mama mkwe. Nikakimbia. Kipande cha ukuta kimedondoka ndani, tope liko juu ya blanketi lake, na maji yanaingia hapo. Yeye amekaa wima kitandani, anauliza kwa Kinyaturu ni mjinga gani anayeleta mto ndani ya nyumba ya mumewe.

Nikamwambia, mama, twende kwa Mama Zuhura. Akakataa. Eti nyumba hii aliingia kwa miguu yake, atatoka kwa kubebwa.

Basi nikambeba. Mgongoni, na blanketi lake. Njia nzima ananipiga ngumi za bega na kunitukana, na mimi nalia na kucheka kwa pamoja, kwa sababu ngumi zenyewe hazina uzito hata wa kuku. Mtu aliyetulimia sisi wote! Nikamlaza kwa Mama Zuhura, nikarudi nyumbani, nikachukua mtaimbo wa marehemu mume wangu, ule aliokuwa anachimbia visima.

Watu husema hasira hasara. Sawa. Hasara nilikuwa nayo tayari.

Nikatembea na mvua mpaka pale kwenye bustani. Mchana kweupe, sikujificha. Nikachomeka mtaimbo chini ya jiwe moja jeupe, nikaulalia kwa kifua. Likagoma. Nikasukuma tena, na safari hii nilimfikiria Ntandu analamba vidole. Likang'oka.

Nilipoinua kichwa nikamwona Mama Zuhura anachechemea kwenye tope, jembe begani. Mama mkwe amemwachia bintiye. Alikaa upande wa pili akaanza kuchimba. Nikamwambia rudi, wewe mgonjwa, watakuweka ndani. Akasema, "Mimi ndiye ninayefuata kwenye foleni ya haya maji. Sogea." Halafu akatokea mke wa mwashi, halafu binti wa muuza chumvi. Halafu, we! mke wa jumbe mwenyewe, kajifunika kanga usoni kana kwamba hatumjui kwa mwendo wake.

Tuling'oa mawe manne na udongo uliokuwa chini yake. Maji yakasita kidogo, yakageuka, yakaingia pale pengoni kwa nguvu. Yalipita katikati ya maua mekundu na maua ya manjano yakaenda zake bondeni. Mke wa Bwana Shauri alikuwa amesimama kwenye ukumbi wake, mkono mdomoni. Yeye nilimwonea huruma kidogo, maana maua alipanda kwa mkono wake. Lakini huruma ilikuwa kidogo tu, na mawe hatukuyarudisha.

Yale manne tuliyabeba. Sasa hivi yameegemezwa chini ya ukuta wangu uliobomoka, chokaa na yote.

Jumbe alikuja mvua ilipopungua, mwavuli juu. Alinisomea mashtaka: nimeharibu mali ya serikali, kesho asubuhi niwe bomani, peke yangu, maana yeye wengine hakuwaona. Mkewe alikuwa nyuma yake, miguu tope mpaka magotini. Nilimwambia sawa, jumbe, nimesikia.

Ntandu naye akaja. Aliangalia lile tundu ukutani. Nilimwelekeza alipo mama yake, akaenda, akarudi kichwa chini. Alichoweza kuniuliza ni kama mama amekula.

Nikamwambia, "Kuku ameisha."

Nikaona machozi yamemjaa. Pengine ningesema neno la kumpoza. Sikulipata, na sikulitafuta. Akavua shati, akaanza kukanda udongo bila mtu kumwambia, na nilimwacha akande mpaka giza.

Sasa mama mkwe amelala kwa Mama Zuhura, amekula uji, ameshaanza kulalamikia kitanda. Mvua inanyesha tena. Nimetoka na koroboi mara nyingi kuangalia ukuta. Mbele yake pamelowa mvua tu, mkondo hauji. Yanasikika kwa mbali, kule yalikokuwa yakipita siku zote.

Naogopa, nisijidanganye. Wanaweza kunifunga. Nikifungwa nani atamgeuza yule bibi kitandani, nani atapika togwa? Nimemuuliza Mama Zuhura, akasema nisiulize maswali ya kipumbavu.

Kesho nitavaa kanga yangu nzuri. Sitapita barabarani kwenye tope, nitapanda juu ya njia ya miguu, hapa inapoishia, niifuate moja kwa moja mpaka bomani. Si imejengwa tutembee? Nikifika kwenye pengo nitaruka. Nitasimama mbele ya Bwana Shauri bila shemeji, bila jumbe wa kunisemea.

Na akiuliza tena kama kuna neno lingine, lipo.