Mfungwa wa Zahanati Yetu

Jumatatu, 8 Septemba
Nimechoka. Leo Nyaguthii, afisa wa probesheni, kaniletea mfungwa. Gereza limefurika, wa makosa madogo wanapunguzwa. Shuaib, mwizi wa nyavu kule Mbwajumali, miezi yake mitatu iliyobaki ataimalizia hapa: kufagia, kuteka maji. Mimi nimtilie sahihi kila siku. Kana kwamba nesi mmoja hana kazi!

Jumatano, 10 Septemba
Shuaib kafika kabla yangu. Uwanja kamaliza, mtaro kauzibua bila kuambiwa. Wagonjwa wawili walimwona wakageuza ndia.
Chakulani mdogo wangu Muhdhar hakunyamaza. Serikali inatufungulia wevi, tutaibiwa hata sufuria mekoni! Nikamwambia ale.

Jumatatu, 15 Septemba
Ya Rabbi! Betri ya sola imeibiwa. Friji imezimika, chanjo zimeharibika. Kina mama kumi na mmoja nimewarudisha na watoto wao mgongoni, wengine wametoka mbali kwa miguu. Nimelia, sitaki kusema uongo.
Mji mzima una jina moja mdomoni. Shuaib kaja kufagia hivyo hivyo, watu wanamtukana. Nikamuuliza.
"Bi Razan, mimi nikiiba hukiri. Hata mahakamani nilikiri."
Mwizi mkweli — nimwamini?

Jumanne, 16 Septemba
Nyaguthii kapiga simu. Ripoti yangu kesho kutwa. Nikimwandika vibaya, Shuaib anarudi ndani.
Wazee wa msikiti wamekata shauri: Ijumaa isomwe halbadiri, kisomo cha laana, imshukie mwizi popote alipo. Shuaib kaomba akae mbele kabisa wakati wa kisomo. Mtu mwenye hatia huomba hivyo?
Muhdhar hakula leo. Anasema tumbo.

Jumatano, 17 Septemba
Betri imerudi! Nimeikuta asubuhi mlangoni mwa zahanati, imefunikwa gunia. Alhamdulillahi — lakini watu hawachoki. Mwaona, wasema, Shuaib kaogopa halbadiri. Wazee nao: kisomo kiko pale pale.
Alasiri nikakaa na fomu ya Nyaguthii. Swali la kwanza: mfungwa huyu ni hatari kwa jamii? Muhdhar kaja kukaa karibu yangu, anachomoa nyuzi za mkeka. Kisha, taratibu:
"Dada, aliyerudisha... halbadiri humpata pia?"
Kalamu ninayo mkononi. Sijaandika kitu. Bado amekaa hapa, hanitazami, angoja nimjibu.