Mufu wa Mezani

Jumanne, 5 Agosti 2025
Leo tena karata kwa mama Martine, nyuma ya duka lake la vitenge hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Briji. Wawili tu, tunagawa mikono minne na kujifanya tuna wapinzani. Mimi nilijifunza chuo cha ualimu, yeye kwa masista wa Butembo, Kongo. Sheria zilezile, maneno ndiyo tofauti. Mwenzako akishinda mnada wa kutaja turufu, wewe unalaza karata zako wazi mezani, unanyamaza, yeye anazicheza. Chuoni tuliita dami. Masista walisema le mort, basi Martine anasema mufu. Maiti! Nacheka kila siku.

Jumamosi ya wiki ijayo tunakutana na Mugenyi na Davis, Kasese, ukumbi wa parokia. Miaka minne wazee wale wanatuchapa.

Katembo, mume wake, alirudi Butembo kuangalia nyumba yao. Wiki tatu sasa. Simu haipatikani. Martine hazungumzi habari hiyo, nami simuulizi.

Alhamisi, 7 Agosti
Aibu gani hii!

Martine, anayeniita yaya kama dada mkubwa, alikuwa ananihimiza kwa sauti: "Yaya Enid, mufu iko hapa mezani! Angalia mufu kwanza!" Ronah, jirani wa ukuta mmoja, akasikia mufu tu. Na mtaa mzima unajua Katembo hajarudi. Akajifunga kitenge kiunoni, akaingia na thamosi ya chai, analia kwa sauti, ole wetu, baba wa watu!

Martine akamwona Ronah analia. Akadhani Ronah ndiye ameletewa habari. Akaanguka chini.

Walilia wote wawili karibu nusu saa kabla sijaweza kueleza. Karata chini, chai imemwagika. Ronah alipoelewa alitaka ardhi immeze. Maskini, alikuja kwa wema. Mimi niliyekuwa nacheka, leo sikucheka.

Jumapili, 10 Agosti
Martine hataki tena kuwa mufu. Anasema mdomo unaumba. Nikamwambia tuseme dami. Akanitazama: "Mutu amelala, hasemi, wengine wanamupangia. Hata umuite dami, ule iko mufu."

Sasa kila mgao analazimisha mnada uwe wake, hata turufu zikiwa za aibu. Leo kopa nane kati yetu, ree moja, nyingine takataka. Na yeye akaanza kuzivuta mbio kama anafukuza mbuzi kwenye mihogo! Mizunguko minne, turufu kwisha, tukaanguka vibaya.

Nikamkemea, ualimu haunitoki. Turufu dhaifu hazivutwi zote! Hesabu kwanza utakachopoteza. Toa ndogo moja, kisha piga ree. Ile kubwa itakayobaki kwa adui, iache. Itakuja ikitaka. Wewe cheza pau zako.

Akasema polepole: "Kuiacha ndiyo ngumu, yaya. Najua iko kule. Haiko mukononi mwangu. Nitacheza pau namna gani?"

Hapo nikajua hatuongei karata tena. Mdomo wangu huu! Nikamshika mkono.

Jumatano, 13 Agosti
Kasese haendi, anasema. Katembo akivuka mpaka akute duka limefungwa? Ronah, kujisafisha, ameapa atakaa dukani kutwa, hata chooni ataenda mbio.

Nami nimepata neno badala ya mufu, nikiwa napalilia maharage. Mgeni! Mgeni anakaa mezani, hafanyi kazi, mwenyeji anamhangaikia. Nilipomwambia alicheka — kucheka kweli, mara ya kwanza mwezi huu. "Na siku ya tatu utanipa jembe?"

Nimesema jembe hatapata kwangu. Tunakwenda.

Jumamosi, 16 Agosti
Kasese, saa tisa alasiri. Naandika nyuma ya karatasi ya pointi.

Tuko sare. Mgao wa mwisho. Nilitaja kopa. Martine angeweza kunikwepa kwa shupaza, nilimwona anafikiri. Akasema kopa, nne. Yaani tushinde mizunguko kumi kati ya kumi na tatu! Kisha akalaza karata zake wazi, moja moja. "Mimi mugeni," akasema. Davis akakodoa macho.

Kopa zake nne, zote takataka. Nne zangu, ree na takataka. Kama ile ya Jumapili, Mungu wangu. Nikahesabu. Nikatoa ndogo, Davis akachukua. Waliporudisha shupaza nikashika, nikapiga ree. Imebaki kopa moja kubwa, malkia, kwa Mugenyi. Nikaiacha. Nikaanza pau.

Simu ya Martine ikalia. Si Ronah. Namba ya Kongo, haijui. Asiyecheza anaruhusiwa kutoka, basi akatoka.

Mugenyi amefunika karata zake. "Mwalimu, hatuna haraka." Mzee mwema, sikujua.

Namwona kupitia mlangoni, ametupa mgongo. Alisema allô, allô mara tatu. Sasa anasikiliza. Amekaa kwenye ngazi, kitenge amekishika kwa mkono mmoja mdomoni. Analia au anacheka? Mabega yanatikisika vilevile.

Davis ameuliza kwa upole, tufanye nini na karata za mufu.

Za mgeni, mzee, nimemjibu. Na hakuna wa kuzigusa mpaka arudi.