Mandazi ya Mama wa Majengo

Dada Nekesa,

Mko salama huko Kitale? Mimi miguu imevimba, na vumbi la Nairobi limenijaa hadi masikioni. Unajua kazi yangu ni kuifanya kampuni yetu ya mafuta ya kupikia ipendwe na watu. Basi leo tumeshuka kwenye lori hapa Majengo, wanaume watupu, makoti ya kaki yanayofanana, tuwasalimie wachuuzi. Kabla sijafungua mdomo, mtu akapiga mluzi. Nyanya, viatu, mitumba, vyote vikafungwa kwenye magunia na watu wakatoweka vichochoroni. Walidhani ni askari wa jiji wamekuja kuwanyang'anya bidhaa.

Alibaki mama mmoja wa mandazi, karai lake likiwa motoni. Nikamsomea yeye peke yake hotuba nzima, jinsi tunavyowathamini wateja wetu. Akaitikia kwa kichwa hadi mwisho, kisha akanifungia mandazi kwenye gazeti na kukataa pesa. Nilifurahi jamani! Nikamwambia, "Asante mama, angalau wewe hukukimbia."

"Nitakimbia aje na mafuta ya moto?" akasema. "Kula tu, afande, lakini uniachie karai."

Sasa mkubwa wangu anataka ripoti ya vile tulivyopokelewa, na kalamu imenishinda. Msalimie Mama. Nikifika nyumbani nipikie mandazi, dada yangu. Nataka kula ya mtu asiyeniogopa.

Mdogo wako,
Wafula